Mbegu ya kitunguu imetoka Ulaya? Cheki saa za mchana kwanza

Ndugu walio nje wanapenda kututumia mbegu za vitunguu, pakiti nzuri, picha inavutia, basi mtu anasia kitalu, anahamisha miche, anamwagilia, anatupia urea, majani yanatoka mazito balaa halafu chini hamna kitu, shingo nene tu na miezi inakatika. Hapo lawama zinaenda kwa mbolea au mtu anasema kauziwa feki. Mara nyingi mbegu ni nzima kabisa, shida ni mchana wetu mfupi.

Iko hivi. Jani la kitunguu linapima urefu wa mchana. Mchana ukiwa mfupi jeni moja inaitwa FT4 inakuwa kazini na inambana mwenzake FT1, na bila FT1 kitunguu hakivimbi. Mchana ukivuka kiwango ambacho aina hiyo inataka, FT4 inatulia, FT1 inapanda, mmea unaacha kutoa majani mapya unaanza kujaza chini. Sasa kiwango ndo kinatofautiana: kuna aina za mchana mfupi zinaridhika na mchana wa saa 11 au 12, za kati zinataka 12 hadi 14, za mchana mrefu 14 kwenda juu. London mwezi wa sita mchana unafika saa 16 na nusu, Nairobi mwaka mzima ni 12 na vidakika, hata Mbeya mchana mrefu kuliko yote haufiki saa 13. Kwa hiyo mbegu ya mchana mrefu huku itasubiri mpaka ichoke.

Kabla hujasia, fungua app ya hali ya hewa kwenye simu, angalia jua linachomoza saa ngapi na linazama saa ngapi, na hesabu ya maana ni ya mwezi ambao kitunguu kitakuwa kinajaza, sio mwezi wa kusia. Halafu geuza pakiti utafute pameandikwa long-day (mchana mrefu) au short-day (mchana mfupi). Pasipoandikwa, tumia jina: Walla Walla na Ailsa Craig ni za mchana mrefu, achana nazo. Red Creole, Bombay Red, Texas Grano hizo ndo zetu.

Ushapanda tayari? Usiongeze urea, utazidisha shingo tu. Kata uuze kama vitunguu vya majani, angalau hela ya maji irudi.

Na wewe wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, unayetaka kupanda Red Creole kwa kuimiss nyumbani, subiri kwanza. Mwezi wa tano huko mchana ushapita saa 14, mche una majani manne unaamriwa kujaza, na kila jani ni tabaka moja la kitunguu (kata kimoja katikati utayaona), so utavuna gololi. Panda za huko huko.

Watu wa soya, kwenu mambo ni kinyume, mchana mfupi ndo unaifanya itoe maua, kwa hiyo ya kaskazini mwa Marekani ikiletwa huku inachanua bado fupi na maganda yanakuwa ya kuhesabu. Brazil walitoka hapo kwa kutumia aina ambazo jeni inaitwa J imeharibika, hizo zinachelewa kuchanua hata mchana ukiwa mfupi, mmea unapata muda wa kukua. Dukani uliza imezalishwa kwa ukanda gani, wakikwambia Iowa, jimbo la huko kaskazini mwa Marekani, rudisha mfuko kwenye shelfu.