Kukagua maelfu ya picha kwa vibarua sambamba kabla ya kufuta kadi

Picha za mtego wa kamera (kamera inayojipiga yenyewe mnyama akipita) uliofungwa kando ya Mto Mbagathi, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, hazipigwi mara ya pili. Ndiyo maana kadi ya kumbukumbu ya kamera isifutwe kabla nakala haijakaguliwa. Stima ikipotea katikati ya kunakili, au kadi ikichomolewa mapema, faili hubaki na jina lake na mara nyingi hata kijipicha chake, kwa kuwa kijipicha hukaa mwanzoni mwa faili. Ukiitazama folda utadhani kila kitu kiko sawa, kumbe nusu ya chini ya picha ni kijivu kitupu.

Maelezo haya ni ya Ubuntu. Kila mchakato unaokagua tutauita kibarua.

Hatua ya 1: Weka zana

`sudo apt install parallel jpeginfo pngcheck`

Andika `parallel --version` uhakikishe jibu linataja GNU. Ipo programu nyingine yenye jina hilohilo, nayo haielewi amri zilizo hapa chini.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha

Nakili picha kwenye diski kwanza, kisha ukague nakala, maana ndiyo utakayobaki nayo. Anza na faili tupu, ambazo hazihitaji kibarua yeyote:

`find picha -type f -size 0`

Halafu orodhesha zilizobaki:

`find picha -type f -size +0 -iname '*.jpg' -print0 | sort -z > orodha.bin`

Usiache `-print0`. Bila hiyo, `-0` ya hatua ya 3 itaisoma orodha nzima kana kwamba ni jina moja refu la faili.

Hatua ya 3: Gawa kazi

`parallel -0 -a orodha.bin -j 4 -n 50 --joblog kazi.log --resume jpeginfo -c >> ripoti.txt 2>&1`

Hapa vibarua ni wanne, na kila mmoja anapewa picha 50 kwa mkupuo. Ukimpa moja moja, muda mwingi unaishia kwenye kuanzisha na kufunga programu. Stima ikirudi, rudia amri ileile bila kubadilisha chochote: mikupuo iliyokamilika itarukwa. Usitumie `--resume-failed`, kwa sababu picha mbovu moja huufanya mkupuo mzima uhesabiwe kuwa umeshindwa, nawe utakagua upya picha 49 nzima bure.

Hatua ya 4: Tafuta idadi sahihi ya vibarua

Hapa ndipo wengi hupotea. Huona `nproc`, amri inayohesabu viini vya prosesa, ikisema 8, wakaandika `-j 8`, kisha wakashangaa kazi ikienda polepole kuliko ya kibarua mmoja. Swali la kujiuliza ni: nani anamsubiri mwenzake, prosesa au diski? Fungua dirisha la pili na uandike `vmstat 1` kazi ikiendelea. Safu ya `us` (muda ambao prosesa inafanya kazi) ikiwa juu na `wa` (muda wa kusubiri diski) ikiwa karibu na sufuri, prosesa ndiyo inayobanwa. Ongeza vibarua hadi kufikia idadi ya viini. `wa` ikipanda huku `us` ikiwa chini, diski imelemewa, punguza.

Diski ya kuzunguka, kama zilizomo kwenye laptopu nyingi za mtumba, ina kichwa cha kusomea kinachorukaruka kila kibarua anapodai faili yake. Anza na mmoja, jaribu wawili. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, huwavumilia wengi. Diski ya nje kwenye USB 2.0 husoma takriban MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo picha 10,000 za MB 4 kila moja, yaani GB 40, zitachukua kama dakika 19 hata ukiajiri vibarua mia.

Pima kwa picha 1,000 ukitumia `time`, lakini futa akiba ya kumbukumbu kabla ya kila jaribio:

`sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches`

Usipofanya hivyo, jaribio la pili litasoma kutoka RAM badala ya diski, nawe utasifu idadi ya vibarua isiyostahili sifa.

Hatua ya 5: Soma ripoti

`grep -E 'WARNING|ERROR' ripoti.txt > mbovu.txt`

Usipuuze WARNING. Picha iliyokatika mwishoni mara nyingi huangukia hapo, kwani programu huweza kujazia sehemu iliyokosekana na kuendelea. Tazama pia `kazi.log`: safu ya Signal ikiwa na namba isiyo sufuri, kibarua huyo aliuawa katikati na mkupuo wake haujakaguliwa wote.

Kwa PNG, tengeneza orodha yake kisha weka `pngcheck -q` mahali pa `jpeginfo -c`, na uipe `--joblog` jina jipya, la sivyo `--resume` itaruka mikupuo kwa kudhani imeshakamilika. Kila kipande cha PNG kina namba yake ya ukaguzi (CRC), hivyo kosa hunaswa kwa uhakika zaidi. JPEG kwa kawaida haina kinga hiyo: biti moja iliyogeuka inaweza kubadilisha rangi bila onyo lolote.

Hatua ya 6: Nakili upya zilizoharibika

Zichukue tena kutoka kwenye kadi. Baada ya hapo itoe kadi kwa utaratibu, iingize tena, ndipo ulinganishe kila faili na nakala yake kwa `cmp`. Usipoitoa, kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye RAM badala ya kadi yenyewe. `cmp` isipoandika chochote, faili mbili zinafanana. Picha ikiwa mbovu hata kwenye kadi, hitilafu ilitokea kwenye kamera au kadi. Kadi hiyo usiirudishe porini.