Kabla ya kusifia injini, inama usome tairi

Ukienda kukagua gari lililotumika, usikimbilie kufungua boneti. Chuchumaa kwanza pembeni mwa tairi, utafute neno DOT. Msururu wake huishia na tarakimu nne, na hizo ndizo umri wa tairi: 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, basi ingia chini na tochi ya simu. Tairi la miaka kumi linaweza kuwa na kashata (yale meno ya tairi) nene za kupendeza huku mpira wenyewe umekauka na kupasuka nyufa ndogondogo. Hilo ndilo hupasuka ukiwa kasi barabara kuu mchana wa jua kali. Bei ya matairi manne mapya itoe kwenye bei ya gari, na muuzaji akinuna mwache anune.

Kisha fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko cha kiasi cha upepo wa tairi. Magari ya Japani mengi huandika kwa kipimo cha kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, kipimo kingine cha upepo. kPa 220 ni kama PSI 32. Wajaza upepo wengi wana namba yao moja kwa kila gari, hata kigari cha injini ya lita moja! Upepo ukipungua gari linakuwa zito na kunywa mafuta, ukizidi utahesabu kila kokoto kwa kiuno. Pima asubuhi, tairi likiwa bado la baridi.