Mgombea akisema "nitamaliza vita": namna ya kumsikiliza kabla hujampa kura

Naandika hii kwa ndugu zangu tulioko huku Marekani tuliokwisha kupata uraia na tunapiga kura, maana naona kila uchaguzi tunarudia lile lile, tunauliza nani anapinga vita na nani anaitaka, basi, tushamaliza. 2008 nami nilichagua hivyo, vita ya Iraq watu walikuwa wameichoka kabisa, na kura yangu siijutii, ila kulikuwa na maswali ya kuuliza na sikuyajua. Kumaliza vita ni siku moja, yanayofuata ni miaka hamsini, na ndo hapo mgombea inabidi abanwe.

Anza na neno lenyewe alilolitamka. Obama kwenye kampeni aliahidi kuondoa brigedi za mapigano Iraq ndani ya miezi 16. Wengi tulisikia "wanajeshi wote wanarudi nyumbani", ila yeye hakusema hivyo. Februari 2009 akasimama Camp Lejeune kule North Carolina akasema kazi ya mapigano inaisha 31 Agosti 2010, halafu wanabaki kati ya elfu 35 na elfu 50 mpaka mwisho wa 2011. Na hiyo 2011 yenyewe ilikuwa ishaandikwa kwenye makubaliano ambayo serikali ya Bush ilisaini na Iraq mwishoni mwa 2008! Kwa hiyo ukisikia ahadi uliza vitu viwili: wanaoondoka ni akina nani na wanaobaki ni wangapi, na hiyo tarehe ni yake au ameikuta mezani. Na usimwonee mpinzani wake pia. McCain aliposema hata miaka 100 Iraq kwake sawa, watu walishika hiyo 100 tu wakaiacha nusu ya pili, kwamba ni endapo Wamarekani hawauawi wala kujeruhiwa kule, kama walivyokaa Japani na Korea Kusini. Unaweza kumkatalia, mimi nilimkatalia, lakini mkatalie kwa alichosema.

Pili, angalia alivyopiga kura zamani kama alikuwa bungeni. Oktoba 2002 Seneti iliruhusu vita ya Iraq kwa kura 77 dhidi ya 23, na kwenye hizo 77 wamo John Kerry, Hillary Clinton na Joe Biden, ambao wote baadaye waligombea urais. Sisemi mtu ahukumiwe milele kwa kura moja, nasema muulize leo anaionaje na angefanya nini tofauti. Na kura za pesa ndo usiziruke kabisa. Kerry alipogombea urais 2004 alichekwa nchi nzima kwa ile dola bilioni 87 ya vita ya Iraq na Afghanistan, eti aliikubali kabla ya kuikataa, lakini ukifuatilia alitaka pesa hiyo itokane na kupunguza nafuu ya kodi waliyopewa matajiri, iliposhindikana ndo akapiga hapana. Lile lilikuwa swali zito kuliko yote ya mwaka ule, nani analipa, na likazimwa na sentensi moja iliyomtoka vibaya.

Sasa nije kwa waliorudi, hapa tukae kidogo. Dawa ya kupukutisha majani, ile Agent Orange, Wamarekani waliacha kuimwaga Vietnam 1971, sheria ya kuwarahisishia askari waliougua nayo ikaja 1991. Miaka ishirini jamani! Iraq na Afghanistan kambi nyingi zilichoma taka kwenye mashimo ya wazi, plastiki, mafuta, kila kitu, vijana wanavuta ule moshi usiku na mchana, na sheria yao ikasainiwa Agosti 2022. Ujue katikati hapo shida ilikuwa nini: askari mwenye saratani au mapafu yaliyoharibika ndo alitakiwa yeye athibitishe kwamba ugonjwa umetoka vitani, na mgonjwa anathibitishaje moshi wa miaka kumi iliyopita? Sheria ya 2022 iligeuza hilo kwa magonjwa kadhaa, ukiwa ulitumikia sehemu fulani miaka fulani basi inachukuliwa kuwa yametoka huko. Kwa hiyo usimuulize mgombea kama anawapenda askari, wote watasema wanawapenda. Muulize mzigo wa kuthibitisha atamwachia nani, na pesa ya hospitali ya miaka 30 ijayo iko kwenye bajeti ipi.

Halafu kuna wale wasio Wamarekani. Nafanya kazi na jamaa Muiraqi aliyekuwa mkalimani wa jeshi, alisubiri viza ya kuja Marekani miaka mingi huku akihama nyumba hadi nyumba kwa vitisho, na Agosti 2021, Wamarekani walipokuwa wanaondoka Afghanistan, tulipoangalia wote picha za uwanja wa ndege wa Kabul kwenye simu alinyamaza, mchana kutwa hakusema neno. Wapo pia Waganda, wengi sana, walioajiriwa na makampuni binafsi kulinda kambi za Wamarekani Iraq, na hao hawaingii hata kwenye hesabu ya wanajeshi. Swali lako hapa liwe la namba: viza ngapi kwa mwaka, na mtu atasubiri muda gani.

Na waliokataa kwenda vitani je? Kwa sasa jeshi ni la kujitolea kwa hiyo swali hili halina moto, ila jua kwamba Jimmy Carter aliliweka wazi kwenye kampeni ya 1976 kwamba atawasamehe waliokwepa kuandikishwa kwenda Vietnam, na 21 Januari 1977, kesho yake baada ya kuapishwa, akasaini. Kwa hiyo jibu la moja kwa moja linawezekana, mtu asikwambie mambo haya ni magumu mno kuyaahidi.

Mwisho, usisubiri mgombea urais, huyo hutampata. Mgombea wa Kongresi anafikika, hasa kipindi cha mchujo, chama kinapochagua mgombea wake, ambapo mkutano unakuta watu thelathini ukumbini, na pesa ya vita inapita mikononi mwao: Kongresi ndo iliyopitisha kwamba baada ya 15 Agosti 1973 hakuna shughuli ya kijeshi ya Marekani Indochina, yaani Vietnam na majirani zake. Nenda na swali moja tu umeliandika, sema jina lako na mtaa unaokaa, uliza, usikae chini. Akijibu "tutawaenzi mashujaa wetu" rudia swali lile lile taratibu, viza ngapi, bajeti ipi, mwaka gani, na jibu lake liandike na tarehe palepale, maana baada ya miaka miwili atarudi ukumbi ule ule kuomba tena.