Mota za CNC Zikigoma, Anza na Poti ya Paraleli

Mota za mashine ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) zinapokaa kimya ilhali programu inaonyesha tarakimu za mhimili (njia moja ya kusogea ya mashine) zikibadilika, usikimbilie kununua draiva mpya, yaani kifaa kinachoipa mota umeme. Zima umeme wa mota, acha kompyuta ikiwaka, kisha uanze uchunguzi kwenye poti ya paraleli, yaani tundu la zamani la printa lenye pini 25.

Poti inayofaa ni ile iliyo kwenye ubao mama au kwenye kadi ya PCI (kadi ya ziada inayochomekwa kwenye ubao mama). Waya wa kugeuza USB kuwa poti ya printa haufai, kwa kuwa hupeleka data kwa mafungu, ilhali mota huhitaji kila mapigo yafike kwa wakati wake barabara. Mach3, programu ya kuendesha CNC, nayo huendesha poti hii kwenye Windows ya biti 32 pekee. Kwenye ya biti 64 itafunguka vizuri, lakini hakuna kitakachotoka kwenye pini.

Kinachokosewa mara nyingi ni anwani, yaani namba ambayo programu hutumia kuifikia poti. Poti ya ubao mama kwa kawaida hutumia 0x378, lakini kadi ya PCI hupewa anwani nyingine, ambayo kwenye Linux utaiona kwa amri ya lspci -v.

Sasa chukua mita. Gusisha ncha nyeusi kwenye pini yoyote kuanzia 18 hadi 25, ambazo ndizo ethi (upande wa volti 0), na ncha nyekundu kwenye pini ya mwelekeo (inayoiambia mota izunguke upande upi) uliyoichagua katika programu, tuseme pini ya 3. Ondoa kwanza hali ya dharura kwenye programu, kisha usogeze mhimili mbele na nyuma: mita iruke kutoka karibu 0 hadi volti 3.3 au 5. Mimi hupima pini ya mwelekeo kwa sababu hutulia, ilhali mapigo ya hatua, yanayosogeza mota hatua moja moja, hupita upesi mno kwa mita ya kawaida. Volti zikibadilika, poti ni nzima, na hitilafu iko mbele yake. Aghalabu bodi ya kuunganishia waya haijapewa volti 5 zake. Zisipobadilika, rudi kwenye anwani.

Mota ikizunguka lakini ikipoteza hatua, endesha latency-test (kipimo cha ucheleweshaji wa kompyuta) ya LinuxCNC, programu ya CNC ya Linux, kwa dakika kadhaa huku ukifungua madirisha na kunakili mafaili. Ucheleweshaji wa juu kabisa ukibaki chini ya nanosekunde 20,000, kompyuta inafaa. Ukipita 100,000, haifai kuendesha mota kwa poti hii. Kabla ya kuiacha, zima mipangilio yote ya kubana umeme kwenye BIOS, upime upya.

Mwisho, funga penseli mahali pa kisu, weka nukta kwenye karatasi, upeleke mhimili na kuurudisha mara 50 kwa kasi. Penseli isiporudi kwenye nukta ile ile, punguza mchapuko wa mhimili huo, urudie.