Kabla ya kumpakia bibi na watoto garini kwenda Quebec

Kutoka Toronto hadi mji wa Quebec ni kama kilomita 800. Dereva aliye peke yake huzimaliza kwa saa nane au tisa. Ukiwa na watoto wawili, na mama mkwe aliyekuja kutusalimia kutoka Tanga, hesabu kumi na moja, au ulale njiani. Sisi tulilala Kingston, na pesa ya chumba kile sikuijutia hata kidogo.

Anza na kalenda. Mwishoni mwa Julai mafundi ujenzi wa jimbo zima la Quebec huchukua likizo ya wiki mbili kwa pamoja, na familia nyingi huingia barabarani wakati huohuo. Vyumba huadimika na bei hupanda. Wiki ya mwisho ya Agosti ilitufaa zaidi.

Halafu mpime mtoto urefu. Ontario, jimbo la Toronto, mtoto akitimiza miaka 8 anaruhusiwa kufunga mkanda wa kawaida. Quebec sheria inataka akae kwenye kiti cha mtoto mpaka afikishe sentimita 145 au miaka 9. Mwanangu wa miaka minane alikuwa amekwisha kukiaga kiti chake. Usiku wa kuamkia safari nilikitoa stoo, nikakifuta vumbi, akanuna mpaka Kingston.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la matibabu. Kadi ya afya ya Ontario inakubalika hospitalini Quebec, lakini daktari ana haki ya kukudai malipo yake papo hapo, nawe ukadai urudishiwe ukifika nyumbani, na huenda usirudishiwe zote. Binti yetu alishikwa na sikio siku ya pili. Tulilipa kwenye zahanati kwa kadi ya benki, tukaitunza risiti kama hati ya kiwanja. Kwa hiyo tenga akiba, au kata bima ya safari hata kama hutoki nje ya Kanada. Mgeni kutoka nyumbani hana kadi ya jimbo kabisa, basi nakala ya bima yake ikae kwenye mkoba wake, pamoja na orodha ya dawa anazotumia za presha na sukari.

Barabarani, ukivuka mpaka wa jimbo maandishi yote yanageuka Kifaransa. *Arrêt* ni simama, *sortie* ni njia ya kutokea, *est* ni mashariki, *ouest* magharibi. Maneno hayo mfundishe anayekaa kiti cha mbele. Kisiwa cha Montreal hairuhusiwi kukata kulia taa ikiwa nyekundu, ingawa sehemu nyingine za jimbo inaruhusiwa mahali ambapo hakuna kibao cha kukataza. Sisi tulikwepa foleni ya Montreal kwa barabara namba 30, ambayo ina daraja la kulipia. Ukienda wakati wa baridi, tairi za theluji usizifanyie mjadala, na usiegeshe kando ya mtaa bila kutazama taa za rangi ya chungwa: zikiwaka na kuzima, mtaa unaondolewa theluji na gari litavutwa.

Kwa sisi tusiokula nguruwe, kuna maneno ya kukariri: *porc*, *lard*, *jambon*, *saindoux*. Mama aliona maharage kwenye sahani ya jirani asubuhi, akafurahi kama aliyemwona ndugu. Nikamwahi. Maharage yale huitwa *fèves au lard*, na hupikwa na mafuta ya nguruwe. Supu yao ya njegere nayo mara nyingi hutiwa paja la nguruwe. Chapati zetu na mayai ya kuchemsha vilituokoa siku hiyo.

Mji wa kale wenyewe uko ghorofa mbili, wa juu na wa chini, na ule wa juu umezungukwa na ukuta wa karibu kilomita 4.6. Mawe ya barabarani hayana huruma kwa viatu vya soli nyembamba. Ngazi maarufu za kushukia chini zinaitwa za Kuvunja Shingo, na magoti ya mama yalizikataa kwa kuzitazama tu. Kuna kibanda kinachoshuka na kupanda mwambani kwa reli tangu 1879. Tenga nauli yake, gari liache maegeshoni siku nzima.

Na andaa hadithi ya kuwasimulia watoto njiani. Watasikia habari za Champlain, Mfaransa aliyeuanzisha mji mwaka 1608, na vita vya 1759 kati ya Wafaransa na Waingereza, vilivyoua majenerali wa pande zote mbili. Mimi niliwatangulizia ya Olivier Le Jeune. Aliletwa Quebec karibu mwaka 1629 akiwa mtoto mdogo, mtumwa, na inasemekana alitoka Madagaska, bahari ileile ya kwetu. Ndiye Mwafrika wa kwanza anayetajwa kwenye kumbukumbu kuishi huko. Alibatizwa 1633, akafa 1654.

Binti yangu aliuliza alikuwa anazungumza na nani kwa lugha ya kwao. Bibi yake akasema, "Mjukuu wangu, tukifika tutamsalimia." Tulipofika ukingoni mwa mto, alimsalimia kweli, kwa Kiswahili.