Funga fremu, si gurudumu tu

Wengi tukifika sokoni na baiskeli tunapitisha mnyororo wa kufuli kwenye gurudumu la mbele, basi. Gurudumu hilo hufunguliwa kwa spana moja tu, na mwizi akaondoka na baiskeli iliyobaki. Pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, uufunge kwenye nguzo iliyochimbiwa, ndefu kiasi kwamba baiskeli haiwezi kunyanyuliwa ikapita juu. Kufuli lisilale chini, maana hapo ni rahisi kulipiga nyundo. Usiku iingize ndani, hata kama ua una geti. Na tafadhali, leo hii igeuze uitafute namba ya fremu. Mara nyingi imegongwa chini, karibu na pedeli. Ipige picha pamoja na risiti. Ikiibwa, bila hiyo utawathibitishiaje polisi kwamba ni yako?