Kabla ya Kuomba Umeneja wa Supamaketi Uingereza, Hesabu Miezi ya Viza Yako

Wadogo zangu mnaomaliza masomo Uingereza na kuzitolea macho programu za kuandaa mameneja wa maduka, anzeni na viza. Kabla ya kuandika wasifu, kabla hata ya kuchagua kati ya Tesco, Lidl, Sainsbury's na Marks & Spencer, kaeni chini mhesabu miezi. Mimi nilipewa kazi hiyo, nikasaini mkataba, kisha nikapokonywa kabla sijavaa sare.

Fomu iliuliza swali moja tu: je, una haki ya kufanya kazi Uingereza? Nilikuwa na viza ya wahitimu, ambayo inaruhusu kazi karibu yoyote bila udhamini wa mwajiri, yaani bila mwajiri kukusimamia mbele ya serikali ili upate viza. Nikajibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Nikapita mitihani ya mtandaoni, mahojiano ya video na siku nzima ya usaili. Barua ya ajira ikaja, nyumbani wakashangilia. Wiki chache kabla ya kuripoti, dada wa ofisi ya ajira akanipigia simu. Wamekagua viza yangu, inaisha Januari, na programu yao inamalizika Septemba ya mwaka huohuo. Kampuni haidhamini viza kwa nafasi hizi. Akaniomba radhi kwa upole, akakata simu. Hakuna aliyekuwa amenifungulia mlango wa kukata rufaa.

Angalieni miezi inavyopotea. Unamaliza shahada ya uzamili Septemba. Matokeo yanatoka Novemba au Desemba. Chuo kikishaiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba umehitimu, unaomba viza ya wahitimu ukiwa bado humu nchini na viza ya masomo ikiwa hai. Ikitoka Januari, miaka yako miwili inaanza siku hiyohiyo, hata kama huna kazi. Programu kubwa za maduka zinaanza Septemba. Tayari miezi minane imekwenda, na programu yenyewe ni ya miaka miwili. Hesabu hiyo haikubali kwa namna yoyote.

Na sasa imebana zaidi. Atakayeomba viza ya wahitimu kuanzia tarehe 1 Januari 2027 atapewa miezi 18 tu, isipokuwa mwenye shahada ya uzamivu anayebaki na miaka mitatu. Halafu lile tumaini la "nikishaingia watanibadilishia viza" limepungua nguvu. Tangu tarehe 22 Julai 2025, viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, ambayo ndiyo ya kudhaminiwa na mwajiri, inataka kazi iliyoorodheshwa na serikali kuwa ya kiwango cha shahada, na mshahara wa kawaida wa angalau pauni 41,700 kwa mwaka. Wanaotoka masomoni wana kiwango cha chini kidogo, pauni 33,400. Umeneja wa duka haumo katika orodha ya kiwango cha shahada. Wewe unaweza kuwa na shahada mbili na mwajiri akakupenda, lakini wanachoangalia ni namba ya kazi katika orodha ile.

Kwa hiyo nasema tena, ulizeni kabla ya mtihani wa kwanza. Andikeni barua pepe fupi kwa ofisi ya ajira: "Viza yangu inaisha tarehe fulani. Programu inaanza lini na kwisha lini? Je, mnadhamini viza kwa nafasi hii hasa?" Hayo maneno ya mwisho myatilie mkazo. Kampuni inaweza kuwa kwenye orodha ya serikali ya waajiri wenye leseni ya kudhamini, orodha iliyo wazi mtandaoni, na bado isidhamini mtu wa dukani hata mmoja. Leseni ya kampuni haimaanishi udhamini wako. Wakijibu, hifadhini jibu. Na fomu ikiuliza kama utahitaji udhamini sasa au baadaye, msikubali ushauri wa vijiweni wa kujibu "hapana" ili mpite. Wakigundua uongo, umepoteza kazi na jina.

Hapa niwaseme kidogo wazee wetu, kwa heshima. Mjomba, haya mambo si ya kumjua mtu. Hakuna bosi wa kumpelekea salamu. Shangazi, usitume pesa kwa kijana wa WhatsApp anayesema ana cheti cha udhamini cha supamaketi Uingereza kwa milioni kadhaa. Cheti hicho hutolewa na mwajiri kwa mtu aliyemwajiri, hakiuzwi. Najua mnatutakia mema, na ndiyo maana matapeli wanawafuata ninyi.

Hatua nyingine ni za kawaida. Maombi hufunguliwa kuanzia Septemba na hufungwa mapema nafasi zikijaa, kwa hiyo omba mwaka uleule unapofika masomoni. Vyeti vyako vya kidato cha nne na cha sita tayarisha mapema. Barua ya serikali ya mtaa na mihuri ya mwanasheria hawaiulizi. Haki ya kufanya kazi wanaithibitisha mtandaoni kwa namba unayoitoa kwenye akaunti yako ya viza.

Siku ya usaili ndiyo inayotaka maelezo. Mliketishwa kwa heshima tangu utotoni, mkubwa akiongea unanyamaza. Pale, anayenyamaza hana alama. Sisi tulikaa sita mezani, tukapewa karatasi moja: ni saa kumi na mbili asubuhi, lori la mikate limechelewa, watumishi wawili wamepiga simu kuwa wagonjwa, jokofu la maziwa limepanda joto, mteja anasubiri mlangoni. Mpange kipi kwanza. Wenzangu wakamkimbilia mteja wa mlangoni. Nikasema jokofu, kwa sababu maziwa yakiharibika ni hasara na ni afya ya watu, na mkate ukichelewa ni lawama tu. Msimamizi aliyekuwa kimya ukutani akaandika. Kisha nikamgeukia binti aliyekuwa hajasema neno nikamuuliza anaonaje. Hilo nalo likaandikwa. Wanatafuta mtu wa kuamua na wa kusikiliza, si mwenye Kiingereza cha kung'aa.

Nalo hili la kwetu linatusumbua: nyumbani kazi ya duka huonwa ni ya aliyekosa shule. Huku nimeona meneja mwenye shahada akivuta shehena ya chupa za maji kwa mikono saa kumi na moja alfajiri na hakuna anayemcheka. Hicho nakiheshimu sana kwa Waingereza. Marks & Spencer yenyewe ilianzia kwenye meza ya soko la Leeds mwaka 1884, na aliyeianzisha, Michael Marks, alikuwa mhamiaji. Ila naona pia udhaifu wa upande wao: wanatamba kwamba wanataka vipaji kutoka dunia nzima, wanatuchukulia karo ya chuo mara dufu ya wenyeji, halafu wanatuwekea saa ya mchanga mlangoni. Jamii inayopenda kupanga foleni inapaswa ituambie mapema kwamba foleni hii haifiki kaunta.

Leseni ya udereva ni mtego mwingine. Nafasi za meneja wa eneo, kama za Aldi, zinataka leseni kamili, maana unazunguka maduka kadhaa. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakubalika kuendeshea miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, na haibadilishwi kama ya Afrika Kusini au Zimbabwe. Utafanya mtihani upya, na foleni ya mtihani wa barabarani ni ndefu. Ombeni leseni ya muda, ile ya kujifunzia, mwezi wa kwanza mnapofika.

Kwa walio na viza fupi, tafuteni programu ya mwaka mmoja. Au ingieni kwa zamu za duka tangu masomoni, ndani ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, mjulikane, kisha mlenge makao makuu badala ya duka: uhasibu na mifumo ya kompyuta zina kazi za kiwango cha shahada zinazoweza kudhaminiwa. Mimi nilisomea uhasibu, na huko ndiko nilikopata mwajiri aliyekubali kudhamini. Aliandika neno hilo kwenye tangazo lenyewe la kazi, na nilimwomba alirudie kwa barua pepe kabla sijaenda usaili.